Kuupangilia "Usiku Mtakatifu" si kuuharibu

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu msomaji mwenzangu aliyelalamika kwamba sisi wapiga piano tunaziharibu nyimbo za Krismasi kwa kuzipangilia upya mpaka hazitambuliki. Kwa nusu ya malalamiko yake hana mpinzani, maana nusu hiyo mimi mwenyewe nimeionja kwa aibu.

Niliwahi kuupangilia "Usiku Mtakatifu" kwa piano peke yake, kwa ajili ya wapigaji waliobobea. Kurasa saba! Mkono wa kushoto ulikimbia kwa oktava, yaani noti mbili za jina moja, ya juu na ya chini, kwa pamoja, wa kulia ukapanda na kushuka usipumzike. Nikaupiga mbele ya mama yangu, aliyeimba alto kwaya maisha yake yote. Alivumilia hadi ukurasa wa tatu, kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, wimbo wenyewe utaanza lini?" Kesho yake nilichana kurasa tatu.

Lakini hoja yake kwamba wimbo uachwe kama ulivyokuwa siikubali. Ulivyokuwa lini? Tarehe 24 Desemba 1818, kule Oberndorf, Austria, padri Joseph Mohr na mwalimu Franz Xaver Gruber waliuimba kwa gitaa. Kwa hiyo hata kinanda cha kanisani anachokipenda ndugu yangu huyo kinapiga mpangilio wa mtu fulani. Mtunzi Liszt naye aliigeuza "Adeste Fideles", wimbo mwingine wa Krismasi, ikawa muziki wa gwaride, ndani ya mkusanyiko wa vipande 12 vya Krismasi aliomtunukia mjukuu wake Daniela.

"Usiku Mtakatifu" una mapatano matatu tu ya msingi, yaani noti zinazopigwa kwa pamoja: ya do, ya fa na ya so. Hapo ndipo penye kazi, kwa sababu huna pa kujificha. Ubeti wa kwanza siugusi. Wa pili naushusha hadi sauti ya teno, ile ya juu ya wanaume, katikati ya piano, na ile so-la-so-mi ya mwanzo wa wimbo inapigwa na vidole gumba vya mikono yote miwili vikipokezana, huku vidole vingine vya kulia vikinyunyiza noti juu na mkono wa kushoto ukirukia besi. Mbinu hii mpiga piano Thalberg aliitumia karne ya 19 hadi watu wakadhani ana mikono mitatu. Shida ni kwamba kidole gumba ni kizito na kina tabia ya kugonga. Hapa kinatakiwa kiimbe. Bahati nzuri mwanzoni mapatano hayabadiliki upesi, hivyo pedali moja inaishikilia besi bila kuchafua kitu. Ukifika kwenye mapatano ya so, badilisha pedali mara moja, la sivyo utasikia matope.

Kuna mstari mmoja, ule unaoanza la-la-do, ambao huimbwa mara mbili bila tofauti yoyote. Mara ya kwanza nauwekea mapatano ya fa kama kawaida. Mara ya pili naweka ya re, yale madogo yenye huzuni. Noti za wimbo ni zilezile, hakuna hata moja iliyoguswa, ila ghafla kunaingia kivuli. Mama aliposikia hapo aliinua kichwa, hakusema neno. Kwangu mabadiliko hayo ya vidole vitatu yana thamani kuliko zile oktava zote nilizochana.

Kisha wimbo unapanda hadi fa ya juu, kilele chake, na wengi hupenda kupiga kwa nguvu zote. Mimi nimeandika hapo: polepole, kwa sauti ndogo. Mwenye mkono mdogo kama wangu ayapige mapatano yale kwa kuyamwaga, noti moja baada ya nyingine, kuanzia chini. Mwenye mkono mpana asijisingizie.

Msomaji mwenzangu namkaribisha. Ubeti wa kwanza aimbe kwa sauti yake yote, nitamfuata. Kuanzia wa pili, tafadhali, anyamaze.

Mpiga piano wa kwaya