Asante kaka wa Jumamosi ile

Jamani acha nimshukuru mtu, jina sitaji maana mwenyewe hapendi. Mume wangu Mpolandi, tunaishi Manchester, na kila Jumamosi nasaidia kwenye shule ya Kipolandi ya watoto, ya kujitolea tu, hakuna anayelipwa, hela ya pango la ukumbi tunachangishana na kuuza pierogi (vinyunga vya Kipolandi vya kuchemsha, vyenye kujazwa ndani). Sasa wiki iliyopita mwalimu wa wadogo kaugua ghafla, watoto 14 wananikodolea macho mimi mtu wa Tanga ambaye hata herufi zao ą na ę bado zinanipiga chenga. Basi kuna baba mmoja, dereva wa lori, katoka shifti ya usiku, alikuja kumshusha bintiye tu. Kuona vile akavua koti, akaandika ubaoni herufi sz, cz, rz, akawafundisha sauti zake kwa kuigiza nyoka na treni, masaa matatu mazima! Kisha akapanga viti, vitabu vilivyochanika akaondoka navyo, leo kavirudisha vimebandikwa vizuri. Nikamwambia dziękuję (yaani asante), akacheka matamshi yangu (haki yake). Wazazi wenzangu, msishushe watoto mkakimbia, ingieni hata nusu saa. Na wewe kaka, Jumamosi ijayo mandazi naleta mimi.