Binamu, chupa hizo usizigandishe

Binamu yangu,

Nimesikia mzigo umefika Moshi salama, na kwamba umeshapanga kuzitia zile chupa mbili kwenye friza hadi Jumamosi, mzifungue na vijana kwenye nyama choma. Nakuomba usubiri kwanza. Barua hii naiweka hadharani kwa sababu hauko peke yako: kila Desemba kuna ndugu anarudi nyumbani kutoka Ubelgiji na bia ya Krismasi kwenye begi, na kila Desemba bia nzuri inanywewa kwa pupa, ikiwa baridi kama barafu, kisha watu wanasema haina lolote.

Uliyonayo inaitwa Gouden Carolus Christmas. Inatengenezwa na kiwanda cha Het Anker hapa Mechelen ninapoishi, na ina asilimia 10.5 ya kilevi. Piga hesabu: chupa moja ya sentilita 75 ina kilevi kinachozidi cha chupa tatu za nusu lita za bia ya asilimia 5. Na haikupi onyo, maana utamu wake unakufichia. Kwa hiyo igawaneni watu watatu au wanne, mkiwa mmeshakula, mmekaa, hamna safari ya kuendesha gari.

Unamkumbuka Baba, akiulizwa baa "ya moto au ya baridi?" hujibu "ya moto" bila kufikiri. Kwa bia hii alikuwa karibu na ukweli kuliko sisi. Inatakiwa iwe na digrii 10 hadi 12 hivi. Iweke kwenye friji ya kawaida, itoe nusu saa au zaidi kabla ya kumimina, na hiyo nusu saa msiibane. Baridi kali huilaza harufu, na harufu ndiyo nusu ya bia hii. Ikianza kupata joto kwenye glasi usiogope wala usitafute barafu, maana hapo ndipo inapofunguka.

Uliniuliza kwa nini wanapika bia nzito hivi. Desemba huku giza linaingia kabla ya saa kumi na moja jioni, mvua nyembamba haikatiki, na mtu anataka kitu cha kunywa taratibu karibu na moto. Hiyo ni sababu moja. Nyingine ni ya kisheria: mwaka 1919 Ubelgiji ilipiga marufuku kuuza pombe kali kwenye baa, na waliozoea jenever, pombe kali ya huku, wakawa hawaipati tena hapo. Wenye viwanda wakaziongezea bia zao nguvu, na sheria ile iliendelea hadi miaka ya 1980, muda wa kutosha kabisa watu kuzoea bia ya asilimia 8, 9 au 10 kama kitu cha kawaida. Njia yao kubwa ni sukari. Wanaitia kwenye sufuria pamoja na kimea cha shayiri, hamira inaila yote, kilevi kinapanda, lakini bia haibaki nzito kama uji.

Na viungo? Wabelgiji hawakufungwa na sheria ya Bavaria ya mwaka 1516 iliyotaka bia iwe shayiri, hopsi (maua yanayoipa bia uchungu) na maji tu. Wao waliendelea kutia mbegu za giligilani, maganda ya chungwa na majani ya kila aina. Isitoshe, Desemba ndiyo mwezi wao wa viungo. Sikukuu ya Mtakatifu Nikolasi, tarehe 6, watoto wanapewa speculoos, biskuti za mdalasini, karafuu, kungumanga na tangawizi. Mtu aliyekulia na harufu hiyo, ukimpa bia yenye viungo wakati wa baridi, hahitaji kuelezwa kitu.

Ya kwenu ina aina tatu za hopsi na aina sita za viungo na majani. Inapikwa mwezi wa nane, kisha inakaa miezi kadhaa itulie ndipo itoke sokoni. Kiwanda chenyewe kimo ndani ya Groot Begijnhof, mtaa wa zamani wa wanawake wacha Mungu walioishi pamoja bila kuwa watawa, ambao walikuwa wakipika bia yao wenyewe. Mtaa huo umo kwenye orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 1998. Napita hapo mara kwa mara, na siku wanazopika harufu ya kimea cha moto inajaa kwenye vichochoro vyote.

Sasa jambo ninalotaka ulielewe kuliko yote. Ukinusa bia kali za Kibelgiji utasikia karafuu, na utaniambia wametia karafuu za Zanzibar. Mara nyingi hawakutia hata punje. Ni hamira. Aina nyingi za hamira ya huku huchukua asidi iliyomo kwenye nafaka na kuigeuza kuwa kitu kinachoitwa vinilguaiakoli, ambacho kikemia ni ndugu wa karibu wa yujenoli, mafuta yanayoipa karafuu harufu yake. Hamira hiyohiyo hutoa isoamili asetati, ndiyo ile harufu ya ndizi mbivu. Kwa hiyo mpishi anayetaka kutia viungo anaanza na bia ambayo tayari ina viungo. Kazi yake ni kujua aongeze kiasi gani, na kujizuia.

Shangazi analijua hili kuliko mimi. Anapopika mbege, akizidisha gome la msesewe uchungu unafunika ndizi na ulezi, na wazee watainywa kwa heshima tu. Akipunguza, inabaki tamu ya kuchosha. Msesewe wake huwezi kuuonyesha kidole ndani ya kata, lakini ukikosekana kila mtu anajua.

Nami ndivyo ninavyozipima bia za Krismasi. Nimeonja zilizotengenezwa kwa kuiga Wabelgiji, zimejaa mdalasini na kungumanga hadi ulimi unakauka, na siwezi kumaliza glasi. N'Ice Chouffe, ya kule Achouffe kwenye milima ya Ardennes, wanaitia majani ya thaimu na maganda ya machungwa ya Curaçao. Ni nzuri, na thaimu naisikia waziwazi. Ila Gouden Carolus naipenda zaidi kwa sababu viungo vyake sita sijaweza kuvitenganisha, na sitaki kuvitenganisha.

Mkishaketi, chukueni glasi yenye mguu na tumbo pana, hata ya mvinyo inafaa. Mimina polepole glasi ikiwa imelala kidogo, usiijaze, na ukikaribia mwisho bakisha ndani ya chupa bia ya kina cha kidole kimoja, maana hamira imetuama pale. Haina madhara ila inaichafua bia. Inyanyue kwenye taa: ni kahawia iliyoiva, na pembeni inapopita mwanga ni nyekundu kama zambarau iliyopondwa. Povu lina rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo. Nusa kabla ya kunywa. Sukari iliyoungua inatangulia, halafu zabibu kavu na tende, na nyuma yake kitu kama mzizi mtamu wa dawa. Funda la kwanza liwe dogo. Utamu unaanza, gesi inaukata, viungo vinapanda kuelekea puani, kisha joto linashuka kifuani taratibu. Mwisho kuna uchungu kidogo wa hopsi unaokuvuta uonje tena. Subiri dakika kumi ndipo urudie, utaikuta imebadilika.

Kama mna jibini kavu, kateni vipande. Nyama iliyopikwa rosti ikakolea inakwenda nayo vizuri zaidi ya nyama choma yenye pilipili, maana pilipili na kilevi kingi vinachomana mdomoni.

Mfungue moja tu. Ya pili iweke wima, gizani, mbali na jiko, chini kabisa kwenye stoo ya Shangazi ambako sakafu haipati joto, na uiache hadi Krismasi ya mwakani. Viungo vitakuwa vimepoa na utasikia tende na kimea zaidi. Ile ya sasa usisahau kummiminia Shangazi, nusu glasi tu. Usimweleze kitu kabla hajaonja. Niandikie alichosema, kwa maneno yake mwenyewe.

Binamu yako,
Mechelen