Sefu, nisaidie huyu mwalimu wa muziki

Temeke, Dar es Salaam

Ndugu yangu Sefu,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, joto tu na foleni. Mama Rehema anakusalimu, anasema deni la kanzu halijafutwa. Najua nimekaa kimya tangu msiba wa Mzee Kombo, lakini lawama ziweke pembeni kwanza. Nina shida, na ni ya muziki, na kwenye muziki mtu wangu ni wewe.

Mkuu wa shule ameniteua niwe naingia madarasani kwa walimu wenzangu, nitazame wanavyofundisha, kisha nikae nao tuzungumze. Wa hesabu na Kiswahili wana watu wao. Mimi nimepewa wapweke: wa uchoraji, wa muziki, wa Kifaransa na yule wa michezo. Eti kwa kuwa chuoni nilikuwa naongoza ngonjera, basi mimi ni mtu wa sanaa! Tangu mtaala mpya uanze kuingia 2024, kila semina ni sanaa, vipaji, amali. Ukitoka semina ukirudi shuleni, rangi hakuna.

Halafu kuna fomu. Inauliza kama mwalimu ameuliza maswali ya kutosha. Nilikaa kwa yule wa uchoraji, wanafunzi wanachora kigoda na kivuli chake, kimya kabisa, penseli tu. Mwalimu anapita meza kwa meza. Akimkuta aliyekwama hagusi karatasi yake. Anachora kipembeni kwenye kikaratasi chake mwenyewe, anamwonyesha, anaondoka. Maswali hakuuliza hata matatu. Ningemjazia nini? Niliandika kile walichokuwa nacho wanafunzi kwenye karatasi mwanzo wa kipindi na mwisho wake, basi. Huyo sina la kumfundisha. Anataka kuwapeleka kwa wachonga vinyago wa Mwenge, kinachomkwamisha ni nauli. Wa Kifaransa nitakusimulia siku nyingine. Nilichoambulia ni bonjour.

Sasa huyu wa muziki. Kijana mdogo, sauti anayo, umsikie akiimba mwenyewe stoo. Lakini nilimkuta anaandika solfa ubaoni, zile herufi za sauti, d r m f, watoto wananakili. Kipindi kizima hakuna aliyefungua mdomo. Na ni watoto gani hao, Sefu! Wengine wa kwaya kanisani, wengine wa kaswida madrasa, na singeli wote wanaijua kuliko wanavyolijua jina la mkuu wa mkoa.

Tulipokaa baadaye sikumsomea fomu. Nilimuuliza tu, wewe uliona nini mle ndani? Akaanza kujitetea kuhusu andalio la somo. Ukaguzi ulishabadilishwa jina ukawa uthibiti ubora, lakini aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na mimi na fomu yangu ndio ung'ongo. Nikaiweka chini ya kiti. Nikamuuliza tena, mbona hawaimbi? Akacheka. Kumbe mwalimu wa hesabu wa darasa la jirani alishamshitaki kwa kelele, ukuta wenyewe haufiki darini. Tangu hapo anafundisha muziki wa kimya.

Mimi nilikuwa nimeshajiandaa kumweleza habari za kumshirikisha mwanafunzi! Nikaenda kwa mwalimu wa taaluma, nikaomba muziki uhamishwe saa ambayo wale jirani wapo uwanjani. Kidato cha pili imekubalika. Cha tatu, eti ratiba imeshabandikwa. Nitarudi kwake.

Lakini kelele ni nusu tu. Hata ukimpa uwanja mzima, bado hajui namna ya kuongoza darasa lililojaa bila kuuegemea ubao, na hapo mimi naishia. Naweza kumwambia kwamba mstari wa nyuma haukuimba. Kwa nini haukuimba, na afanyeje, sijui. Walimu wa historia wako wanne, kwenye vikao vya MEWAKA, yale mafunzo endelevu ya walimu kazini, wanabishana wao kwa wao mpaka chai inapoa. Yeye atabishana na nani? Na mimi wa ngonjera?

Ninachoomba ni hiki: mpigie. Au mwombe mtu wako akurekodi dakika kumi tu za mwanzo wa kipindi chako huko Tanga, nimwonyeshe. Usichague kipindi kizuri, tafadhali. Kipindi cha kawaida, hata yule mtoto wako anayeimba kama... basi, unamjua.

Na wewe unaanza na nini, wimbo au solfa? Wavulana ambao sauti zinavunjika unawaweka wapi? Asiyeshika sauti unamrekebisha mbele ya wenzake au unamwita pembeni? Kama vifaa ni ngoma moja tu na ile ina mpasuko, ungefanyaje? Mkono wa mwanao umepona? Na likizo ya Juni mnakuja au ndio zile ahadi zako?

Nimeshamwambia kwamba nitakuandikia, hakununa, ameomba tu usimcheke. Kipindi chake kijacho ni Alhamisi saa nne. Ukisema ndiyo, namba yake naituma leo hii hii.

Wako,
Mwinyi