Barua kwa mwanangu, kabla hujashusha injini ya Chevelle

Columbus, Ohio

Mwanangu mpenzi,

Assalamu alaykum. Mama yako hajambo, nami sijambo, ila mgongo bado unanisumbua, ndiyo maana nakuandikia badala ya kuja huko Louisville. Uliponiambia kwamba wewe na mwenzako wa kazini mtashusha injini na giaboksi ya ile Chevrolet Chevelle yako mwisho wa mwezi huu, nilifurahi sana, kisha usiku usingizi ukanipotea. Si kwamba nina shaka na mikono yako. Naijua tangu ulipokuwa ukinishikia tochi. Lakini kwenye simu unaniitikia "ndiyo baba, ndiyo baba", nami sijui lipi limeingia. Barua hii ibandike ukutani hapo gereji.

Gari unalijua: SS 396 ya 1969, V8 ya inchi za ujazo 396, karibu lita 6.5, nguvu za farasi 325 kwa hesabu ya zama zile, gia nne za mkono. Mimi nataka kwanza uufikirie uzito wake. Injini hiyo bloku ni chuma, vichwa ni chuma, manifoldi ni chuma. Ikiwa kamili inazidi kilo 300. Giaboksi yake, ya aina iitwayo Muncie, ina boma la alumini, na hata hivyo inazidi kilo 30. Chuma kama hicho kikishaanza kuanguka hakuna mtu wa kukidaka. Basi kila unapoweka spana kwenye nati, jiulize: nikiifungua hii, uzito utakaa juu ya nini? Kama hukioni kwa macho hicho kitakachoubeba, usifungue.

Vifaa vyako vya Toyota, vya milimita, virudishe sandukuni. Gari hili lote ni la inchi. Spana namba 13 itaingia kwenye nati ya nusu inchi, utadhani imeshika, kumbe ina nafasi, na nati yenye kutu ya zaidi ya miaka 50 itaisha pembe kabla ya kulegea. Namba 14 haiingii kabisa kwenye 9/16. Tafuta soketi za inchi za pembe 6, achana na zile za pembe 12. Na siku moja kabla ya kazi, nyunyiza mafuta ya kutu kwenye boliti za ekzosi pale inapoungana na manifoldi, urudie tena kabla ya kulala. Hizo ndizo zitakazokula asubuhi yenu.

Kazi ya juu sitaieleza sana. Betri, ukianza na waya wa negativu. Boneti, mkiwa wawili, na mkiwa mmeshachora mstari kuzunguka bawaba zake. Rejeta, feni, mipira, na nyaya, kila mmoja na kikaratasi chake. Maji ya rejeta yakinge yote kwenye beseni, maana ni matamu na ni sumu. Paka wa jirani akiyalamba kidogo tu anakufa.

Petroli ni habari nyingine. Mpira unaotoka kwenye tangi uzibe mara tu ukiuchomoa kwenye pampu, kwa sababu tangi likiwa na mafuta mengi yataendelea kushuka yenyewe. Na hapa sikuombi mwanangu, nakuamuru: ile hita ya maji ya gesi iliyo kwenye kona ya gereji yako, uzime moto wake kabla hujaugusa mpira huo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hutambaa sakafuni mpaka uukute moto. Mlango uwe wazi hata kama nje kuna theluji. Vaeni makoti.

Distributa ya Chevrolet, ile inayogawa umeme kwa plagi, iko nyuma ya injini, karibu kabisa na ukuta unaotenganisha injini na dereva. Giaboksi ikishatoka, mkia wa injini huinama, na distributa ndiyo ya kwanza kuugonga ukuta. Itoe mapema. Weka alama mahali rota ilipoelekea, ziba tundu kwa kitambaa safi, na kuanzia hapo mtu asiizungushe injini.

Sasa chini. Nilipokuwa kijana kwenye gereji za Changamwe, Mombasa, tuliinua injini za malori ya Bedford kwa mnyororo uliofungwa kwenye tawi la mwembe, na tuliingia chini ya magari yaliyokalia matofali. Wapo walioumia, na mmoja hatukumzika mzima. Tulifanya vile kwa sababu hatukuwa na kitu kingine. Wewe unacho. Stendi 4 za chuma, na zikae chini ya chesisi, kwa kuwa Chevelle ina chesisi kamili na hapo ndipo penye nguvu. Matofali ya saruji hupasuka ghafla bila kukuonya. Jeki ni ya kuinulia tu. Gari likishakaa, lisukume kwa bega, kwa nguvu zako zote, kabla hujaingia chini. Likitikisika, anza upya.

Mafundi wengi huitoa injini na giaboksi kwa pamoja, kwa juu. Wana haki yao, na kwenye gereji kubwa hata mimi hufanya hivyo. Lakini kwako dari ni fupi, na mzigo ule ukiwa mmoja ni mrefu, lazima uinamishwe sana ndipo upite, mkia wake unakwaruza ukuta na mbele unagonga kila kitu. Wewe toa giaboksi kwanza kwa chini, halafu injini peke yake.

Mwaga mafuta ya giaboksi kabla ya yote, kwa sababu ukichomoa propela, ile shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu ya nyuma, bila kufanya hivyo yatamwagika usoni pako. Weka alama ya rangi pale propela inapofungwa kwenye difu, ili irudi ilivyokuwa, na vikombe vya msalaba wake vifunge kwa tepu, la sivyo vile vijiti vya beringi vitatawanyika sakafuni. Kisha kebo ya spidi. Kisha fito za gia: mbili zinakwenda ubavuni mwa giaboksi, ya tatu, ile ya rivasi, inakwenda nyuma kwenye mkia. Zipake rangi tofauti. Mkono wa gia wenyewe hufunguliwa ukiwa ndani ya gari.

Kuna kipande kimoja ambacho watu wengi hukisahau: bomba fupi lenye mikono, linalolala kati ya chesisi na injini, ndilo linalopeleka nguvu ya mguu kutoka kwenye pedali hadi kwenye uma wa klachi. Limejificha upande wa dereva, karibu na ekzosi. Litoe pamoja na springi yake. Likibaki, injini itapanda kidogo halafu itagoma, na kreni haijui kwamba kuna kitu kimeshika, itaendelea kuvuta mpaka kitu kipinde. Siku hiyo mtakapoona injini imekataa kupanda, acheni kupampu, mzunguke na tochi.

Kabla hujagusa boliti za giaboksi, kuwe na jeki mbili chini. Moja ibebe giaboksi, ifungwe na mkanda. Ya pili ibebe mkia wa injini, na kati yake na chuma uweke kipande cha mbao. Usiiweke chini ya sampu, lile beseni la oili lililo chini ya injini. Sampu ni bati, na ndani yake, karibu sana na sakafu yake, ndimo pampu inamonyonya oili. Ukiibonyeza umeikaba injini koo, na hutajua mpaka siku utakayoiwasha.

Ndipo uondoe ile boriti ya chuma inayoshikilia mkia wa giaboksi, na boliti 4 zinazoiunga giaboksi na kengele ya klachi, yaani boma linaloifunika klachi. Hapa ndipo pa kwenda polepole. Nunua boliti 2 ndefu za nusu inchi, zenye nyuzi 13 kwa inchi, uzikate vichwa. Toa boliti 2 za juu za giaboksi, ingiza hizo mahali pake, halafu ndiyo utoe za chini. Giaboksi itateleza juu yake ikirudi nyuma imenyooka. Shafti ya mbele imepita katikati ya diski ya klachi, na ncha yake imeingia kwenye bushi ndogo ndani ya kranki, shafti kuu ya injini. Ukiiacha giaboksi ining'inie kwenye shafti, hata kwa muda mfupi wa kufuta jasho, kilo 30 zote zinaielemea diski na bushi, na yale masikio ya alumini yanayoshika boliti huweza kupasuka. Haijatengenezwa kubeba hivyo. Ikigoma, usiivute kwa boliti wala kuikongoa na bisibisi. Tazama kama jeki iko juu mno au chini mno, urekebishe kidogo, utasikia imelegea yenyewe.

Ikishatoka, ipanguse shafti hiyo ya mbele uiangalie vizuri. Utaona mikato ya duara iliyozunguka shafti. Mikato miwili ni Muncie ya aina ya M20, ambayo gia yake ya kwanza ina uwiano wa 2.52. Mkato mmoja ni M21, 2.20. Pasipo mkato ni M22, ile yenye meno ya kulia sana ambayo watu wanaililia. Kisha tafuta namba iliyogongwa kwenye boma, inayoanza na P; kwa miaka hiyo herufi ya mwisho A ni M20, B ni M21, C ni M22. Shafti na herufi vikipingana, ujue kuna mtu aliifungua zamani.

Injini. Mnyororo ufungwe kwenye vichwa, kimoja mbele, kingine nyuma upande wa pili, kwa boliti za chuma kigumu. Zitambue kwa kichwa: zenye mistari 6 ndizo, zenye mistari 3 ni laini zaidi, zisizo na mstari zirudishe dukani. Ziingie nyuzi zote, na washa pana ishike mnyororo ukae karibu na chuma. Mnyororo ukikaa mbali huipinda boliti. Usiinulie kwenye kabureta, hata mtu akikuonyesha kwamba yeye hufanya hivyo.

Soma mkono wa kreni uliyoazima. Nyingi kati ya hizi za kukunjwa zinaitwa za tani 2, lakini ukiuvuta mkono hadi tundu la mwisho hubaki nusu tani. Inawatosha, ila mjue. Vuta mnyororo mpaka ukaze na uone maunti, vile vishikio vya injini kwenye chesisi, zimepumua, ndipo uzifungue, si kabla. Mmoja apampu, mmoja aiongoze injini kwa kiganja kilicho wazi. Vidole visiingie kati ya injini na chesisi. Ikishapita juu ya grili, ishusheni karibu na sakafu kabla ya kuisukuma kwenda popote.

Klachi ifungue kwa kulegeza boliti kidogo kidogo, moja kisha ile inayoikabili, na vumbi lake usilipulize. Diski za zama zile zilikuwa na asbesto. Lilowe maji, lipanguse, kitambaa kiende kwenye mfuko na mfuko ufungwe.

Na kabla hujaipeleka bloku popote, nenda mbele upande wa abiria, chini kidogo ya kichwa cha silinda. Kuna kijiuso kidogo kilichosawazishwa. Kipanguse kwa kitambaa chenye petroli kidogo, usikipige msasa wala brashi ya chuma. Inatakiwa uone T, ya kiwanda cha Tonawanda, New York, kisha tarakimu 4 za mwezi na siku, kisha herufi za injini. Namba ya gari, ikiwa imegongwa, itaanza na 1 na 9, kisha herufi ya kiwanda kilichounda gari. Lako ni B, Baltimore. Ilinganishe na kibao cha dashibodi. Zikilingana, gari hilo halijawahi kuachana na injini yake. Mwambie fundi wa mashine kwa mdomo na kwa maandishi kwamba akisaga uso wa bloku asikiguse hicho, kwa sababu kipo kwenye uso huohuo, na kikisagwa ndiyo imekwisha, hakuna wa kukirudisha.

Giaboksi usiifungue. Ilaze juu ya mbao, nitakuja nikipata nafuu na tutaifungua pamoja. Beringi na gasketi nimeshaagiza. Picha za namba zote mbili nitumie usiku huohuo, hata ikiwa saa nane.

Mama yako anakusalimu na anauliza kama mwenzako huyo ana viatu vya kazi vyenye chuma mbele. Kama hana, asiingie gereji.

Ni mimi babako.