Tongoni isomwe kutoka baharini

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nizungumzie Tongoni, kijiji kilichoko kusini mwa jiji la Tanga, kiasi cha kilomita 17 ukishika barabara ya Pangani. Kila kinapotajwa hutajwa kwa ajili ya makaburi tu. Mgeni huonyeshwa magofu ya msikiti na makaburi ya mawe zaidi ya 40, hupiga picha, kisha huyo mjini. Ukimuuliza kwa nini watu wa karne ya 14 na 15 walijenga pale na si kwingine, hana jibu. Alifika kwa gari, na bahari hakuitazama.

Ukitokea barabarani, Tongoni ni kijiji cha pembezoni. Ukitokea majini, ni mlangoni kabisa. Ghuba imezungukwa na mikoko, na huko nje yapo mafungu, yaani sehemu za maji mafupi, na miamba inayovunja mawimbi. Kwa nahodha anayeijua njia, hapo ni bandari tulivu. Kwa asiyeijua, atakwama.

Wareno walikwama. Aprili 1498 merikebu São Rafael ya msafara wa Vasco da Gama ilipanda fungu kabla ya alfajiri, maji yakapwa ikabaki mkavuni, ikaja kuelea yalipojaa. Wenyeji wakaifuata kwa vyombo viwili, wamepakia machungwa ambayo wageni wenyewe waliandika kuwa ni mazuri kuliko ya kwao Ureno. Milima ya Usambara, inayoonekana vizuri kutoka baharini, nayo wakaipa jina la merikebu yao. Januari 1499, wakirejea kutoka India huku mabaharia wengi wamekufa, waliitia moto São Rafael papo hapo, maana watu waliobaki hawakutosha kuendesha merikebu tatu. Na watu wa Mtangata, jina la mji huo enzi hizo, wakawaletea kuku wapate mashati na bangili. Merikebu inateketezwa, kuku wanauzwa! Hao ndio watu ambao leo tunawakumbuka kwa makaburi yao peke yake.

Hata hayo makaburi yametoka baharini. Mawe yake ni ya matumbawe, na chokaa iliyoyashika ni matumbawe yaliyochomwa. Baadhi yalisimamishiwa nguzo, na nyingi zimeanguka. Ukisogea karibu na mabaki utaona vishimo vya duara vilivyochongwa kwa ustadi: ndimo zilimopachikwa bakuli za Kichina, kabla wachokozi hawajazing'oa. Richard Burton, msafiri Mwingereza aliyepita mwaka 1857, alikuta kwenye kaburi moja kigae chenye maandishi ya Kiajemi, na tangu hapo wapo wanaoshikilia kwamba mji ulijengwa na Waajemi. Kwa hoja hiyo, bakuli nazo zingetulazimu kusema ulijengwa na Wachina. Vitu hivyo vinatuonyesha wenyeji walifanya biashara na nani, si kwamba wao walikuwa nani.

Ombi langu kwa wanaosimamia Mambo ya Kale, na kwa walimu wetu wa Tanga, ni kwamba ziara ya Tongoni ianzie ufukweni, maji yakiwa yamepwa, mafungu yakionekana. Mvuvi wa pale aeleze chombo huingilia wapi na hukwama wapi, naye alipwe kama kiongozi wa watalii yeyote. Mwalimu wa jiografia na wa historia waende siku moja, gari moja. Sijaelewa kwa nini somo la mahali pamoja lipewe vipindi viwili visivyojuana. Pia bango lieleze habari za bandari kabla ya habari za makaburi.

Mikoko nayo isisahauliwe. Sheria inailinda, na sehemu ya pwani hii imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Silikanti (samaki wa kale wa kilindini) tangu 2009, lakini mkoko ukikatwa kwa ajili ya boriti au kuni, ufukwe hubaki wazi kwa mawimbi, na magofu hayako mbali na maji.

Wako,
Msomaji, Tanga