Bingwa wa mieleka anateuliwa, ila si na mtu mmoja

Mhariri,

Naomba nafasi nimjibu mwandishi wenu wa safu ya michezo, ambaye Jumamosi alituita mashabiki wa mieleka ya kulipwa watu wazima tunaoshangilia matokeo yaliyopikwa. Mimi ni refa wa soka la ridhaa, filimbi napuliza tangu ujanani, na maneno hayo nimeyasikia kwa waamuzi wenzangu mpaka yamenikinai. Ati wewe refa mzima, unatazama mambo ya kupangwa? Ndiyo, natazama. Tena hakuna aliyetuficha: mwaka 1989 kampuni ya Vince McMahon, ambayo leo inaitwa WWE, ilikiri mbele ya wabunge wa jimbo la New Jersey kwamba mieleka yake ni burudani, ili isisimamiwe kama ndondi. Mwandishi wenu basi amechelewa na habari yake kwa zaidi ya miaka 30.

Angeuliza hivi, tungeelewana: ikiwa bingwa anateuliwa, anateuliwa na nani, na kwa sifa zipi?

Zamani sifa ya kwanza ilikuwa kujua kupigana kikweli. National Wrestling Alliance, umoja wa mapromota ulioundwa mwaka 1948, ulikuwa na bingwa mmoja aliyezungushwa kwenye himaya ya kila mwanachama akitetea mkanda, na mapromota hao ndio waliokubaliana nani aubebe. Sasa, ikitokea mpinzani wa ugenini akageuka katikati ya pambano, akaamua kumbana bingwa kwelikweli mbele ya watu, utafanyaje? Ndiyo maana walipenda Lou Thesz awe bingwa. Huyo alijua kukunja kiungo cha mtu mpaka akasalimu amri, na kumgeuka kulikuwa kujitafutia balaa. Baadaye bingwa alidaiwa pia dhamana ya dola 25,000, asije akatoroka na mkanda. Bingwa Ric Flair alipokosana mwaka 1991 na wakubwa wa WCW, kampuni iliyoshindana na ya McMahon, wakaachana naye bila kumrudishia pesa zake, aliubeba mkanda ule ule akaenda kuuonyesha kwenye televisheni ya wapinzani wao.

Kisa ninachokirudia kila mara ni cha Montreal, Novemba 1997. Bret Hart, Mkanada na bingwa, alikuwa anahamia WCW, na hakutaka kupoteza mkanda kwa Shawn Michaels mbele ya watu wa nchi yake. Akaahidiwa kwamba pambano litavurugika lisitoe mshindi. Katikati ya pambano Michaels akamkunja miguu kwa mkunjo ule ule ambao Bret ndiye mwenye sifa nao, na ingawa Bret hakuwa amesalimu amri, refa Earl Hebner akaamuru kengele ipigwe, McMahon naye yuko pembeni ya ulingo akifoka ipigwe haraka. Bret akaachwa kasimama, uso umemshuka, kisha akamtemea McMahon mate.

Wengine wakiitazama video ile humtazama Bret. Mimi, kwa kazi yangu, namtazama refa. Anageuka, anatoa ishara, na hapo hapo anachomoka ulingoni hana hata habari ya kumwinua mkono mshindi. Katika soka refa akikimbia hivyo ujue ana la kujibu. Katika mieleka refa ni sehemu ya onyesho. Leo wana vifaa masikioni, wanapokea maagizo na kuwanong'oneza wapiganaji dakika zilizobaki. Lakini hata onyesho lina ahadi zake. Tangu usiku ule nafahamu kwamba kupangwa hakumaanishi hakuna dhuluma. Bret alidhulumiwa, na kila aliyekuwa ukumbini aliiona.

Halafu kuna mteuzi mwingine ambaye mwandishi wenu hakumtaja hata kwa bahati mbaya: sisi tunaolipa kiingilio. Mwaka 2014 WWE ilikuwa imeshaamua. Batista angeshinda Royal Rumble, lile pambano la watu 30 wanaoingia ulingoni mmoja baada ya mwingine, kisha angekwenda kugombea mkanda wa Randy Orton. Watu walikuwa wanamtaka Daniel Bryan, mfupi, mwenye ndevu kama za mtu aliyepotea msituni, ambaye miaka miwili kabla alishindwa na Sheamus kwa sekunde 18. Bryan hakuwekwa kwenye Rumble ile. Alipotokea wa 30 na watu wakaona si yeye bali ni Rey Mysterio, wakamzomea Mysterio! Mtu anayependwa na watoto dunia nzima, siku hiyo alizomewa kama mwizi. Batista akashinda kama ilivyopangwa, naye akala zomeazomea yake. Miezi haikupita mingi, wakubwa wakanyoosha mikono. Aprili 6, New Orleans, Bryan akampiga Triple H, mpiganaji aliyekuwa pia mmoja wa wakubwa hao, mwanzo wa usiku, na mwisho wa usiku akawashinda Orton na Batista wote wawili. Hao walioamua matokeo ni akina nani, kama si watu wa viti vya juu kabisa kule nyuma?

Likatokea tena 2024, Cody Rhodes alipoelekea kumpisha The Rock kwenye nafasi ya kugombea mkanda wa bingwa. Watu wakachachamaa, mpango ukageuzwa, na Aprili 7 Cody akaumaliza utawala wa Roman Reigns uliodumu siku 1,316.

Kwa hiyo lawama ninazo, ila si za mwandishi wenu. Yangu ni Kofi Kingston. Mzaliwa wa Ghana, miaka 11 anatumbuiza, na nafasi ya kuwania mkanda aliipata kwa sababu tu mpiganaji mwenzake Mustafa Ali aliumia ikabidi atafutwe wa kuziba pengo. Akapambana zaidi ya saa nzima usiku mmoja, watu wakaanza kuimba jina lake, na Aprili 2019 akamshinda huyo huyo Bryan. Wanawe wakapanda ulingoni. Nisiseme mengi, macho yangu siku hiyo yalikuwa na kazi.

Oktoba 4 mwaka huo huo kipindi cha SmackDown kikahamia televisheni ya Fox. Ili kuwafurahisha wenyeji wapya akaletwa Brock Lesnar. Kengele ikalia, Kofi akaruka, Lesnar akamdaka mabegani, akamzungusha, akambwaga, moja, mbili, tatu. Hazikufika sekunde 10. Mimi hutumia muda mrefu zaidi kukagua njumu za mchezaji mmoja. Baada ya hapo Kofi akarudishwa kwenye timu na wenzake kana kwamba hajawahi kuwa bingwa. Pambano la marudiano hakupewa. Na huyu Lesnar ndiye aliyekaa na mkanda mwingine siku 504 kati ya 2017 na 2018, huku wiki kadhaa zikipita hatumwoni.

Sisemi Kofi asingeshindwa. Kila bingwa hushindwa, hata Bruno Sammartino aliyetawala zaidi ya miaka saba alianguka mwaka 1971 kwa Ivan Koloff. Lakini mpeni mtu dakika 20. Mwacheni ainuke mara mbili tatu, atushawishi kwamba mkanda ulikuwa wake.

Mwandishi wenu akitaka mada ya Jumamosi ijayo, aiandike hiyo: bingwa wa miezi sita anaondolewaje kwa sekunde 10, na nani alinufaika. Nitaisoma mpaka nukta ya mwisho, hata kama atanitukana humo ndani.

Refa wa soka, mpenzi wa mieleka