Risala ya kikundi chetu cha tanga kwa mgeni wa heshima, Tudor Mombasa

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, wazee wetu wa mtaa, manahodha wetu, mama zetu mlioamka alfajiri kupika, wageni waalikwa, na nyinyi watoto mliokaa mchangani kwa sababu viti havikutosha, asalam aleikum, na wenzetu Wakristo Bwana asifiwe.

Mheshimiwa, kwanza asante kwa kuja, tena umekuja kwa wakati, kadi ilisema saa nne na saa nne na robo ulikuwa ushashuka garini, sisi hapa tushawahi kumngojea mgeni mpaka maji yakajaa yakafika kwenye viti, kwa hivyo hili la leo tumeliona na hatutalisahau. Tunajua una shughuli nyingi. Risala yetu ina jambo moja tu, lakini si heshima kumtupia mgeni shida hata maji hajanywa, basi utuvumilie kidogo tukueleze sisi ni kina nani.

Kikundi kilianza 2014 na watu saba na ngalawa moja ya kuazima. Wazo lilikuwa la wazee wetu wawili, wavuvi wa hapa hapa Tudor, walioona mtoto wa Mombasa anazaliwa kisiwani, maji pande zote, na anakua hajui kuogelea. Ile feri ya Mtongwe iliyozama Aprili 1994 na kuua watu 272 ilikuwa haijawatoka kichwani. Ndo wakaweka sharti ambalo mpaka leo halijavunjwa, kwamba hapa mtoto anajifunza kuogelea kwanza, halafu mafundo ya kamba, halafu kukalafati, yaani kuziba nyufa za chombo, tanga linakuja mwisho. Saa hii tuko 64, tuna ngalawa mbili, mashua moja na viboti viwili vya Optimisti, vile vidogo vya tanga vya watoto, tulivyopewa vimetoboka tukaviziba wenyewe. Mengine ya historia tunayaruka, wazee watuwie radhi.

Mafanikio yapo mengi sana Mheshimiwa. Watoto zaidi ya 100 wametoka hapa wakijua kuogelea. Vijana wetu wawili ni mabaharia melini saa hii na kila mmoja akirudi likizo anakuja na kamba ama rangi. Kwenye mashindano ya mashua mwaka juzi tulishika nafasi ya tatu, na ukiangalia waliotutangulia ni watu waliozaliwa ndani ya jahazi, sisi tunauhesabu ule kuwa ushindi na kikombe tumekiweka pale mezani ukione. Na mashua yetu nahodha wake ni msichana wa miaka 17, kisiwa hiki chote hatujasikia mwingine wa umri wake.

Lakini ukitaka kutujua vizuri ungetukuta msimu wa kaskazi, Disemba shule zimefungwa, joto la kukausha nazi, bahari imetulia. Asubuhi kuna umande, ule upepo mwepesi wa kutoka bara, wadogo ndo wanatoka na Optimisti zao wakizunguka hapa karibu, mama zao wanawaona. Ikifika adhuhuri upepo wa bahari unasimama na hapo ni zamu ya wakubwa, mashua inakwenda joshi, yaani kuukabili upepo, kuelekea upande wa daraja la Nyali, na kwenye kugeuza tanga ndo utajua nani ni mwenzako, maanake mmoja ameshika demani, ile kamba ya kuongoza tanga, mmoja yuko kwenye henza, kamba ya kulipandisha, wawili wanaipitisha foromali, ule mti unaobeba tanga, upande wa pili wa mlingoti, na mmoja akizubaa wote wanalowa. Mtoto wa Kisauni na wa Kaloleni ambao barabarani wasingesalimiana, humo ndani lazima waelewane. Jioni wanakalia ngalawa zilizopinduliwa wanakula mihogo na viazi karai wakibishana nani alilegeza kamba, na ubishi huo unaendelea mpaka kesho yake. Kuna kijana hapa alikuwa haongei na mtu tangu babake afariki, simtaji, sasa ndiye anayewafundisha wadogo mafundo na sauti yake inasikika mpaka barabarani.

Kusi ikiingia huko nje bahari inachafuka, na sisi hatutoki nje ya hori, huu mkono wa bahari ulioingia hapa Tudor. Kwa hivyo Agosti iliyopita tulifanya jambo kubwa, watoto tisa na wakubwa wawili tulisafiri mpaka Kalokol, Ziwa Turkana, nauli ikiwa ni ya mama zetu waliouza mahamri miezi minne. Basi mpaka Nairobi, Kitale, Lodwar, mgongo ukitafuta pa kuegemea. Ziwa lile liko jangwani, na katika maziwa ya jangwani yenye maji mwaka mzima duniani hakuna kubwa kulishinda, urefu wake kama kilomita 290, maji yake mengi yanatoka mto Omo kule Ethiopia na yakishaingia hayana pa kutokea, jua tu ndo linayapunguza, ndo maana ukiyaonja yana ladha ya magadi. Watoto wetu walishangaa upepo. Wao wamezoea asubuhi shwari na mchana upepo, kule ni kinyume, upepo wa kusini mashariki unapiga usiku mpaka asubuhi hema linataka kuruka, mchana ukisogea ndo unalegea, ikawabidi kujifunza upya saa ya kutoka. Na mamba wapo, wengi, si wa hadithi. Lakini wenyeji wetu, watoto wa wavuvi wa pale, walitupokea kama ndugu, tukala samaki wao, tukawafundisha fundo letu moja, wakatufundisha kusoma vumbi upande wa nchi kavu kabla upepo haujafika.

Sasa Mheshimiwa, kule kila tanga likitoka kuna boti ya injini nyuma yake. Ya kivuvi, ya kawaida tu, rangi imebanduka, lakini haijambo, na kamba ya kuvutia imekunjwa tayari, na tanga halifunguliwi kabla injini haijawashwa ikasikika. Mtoto mmoja wa pale akamuuliza nahodha wetu, yenu nyinyi ya kuokoa watu ikoje? Akanyamaza. Kisha akasema, iko chini ya mti wa mkungu.

Na ni kweli iko chini ya mkungu, ni ile pale nyuma ya hema imefunikwa turubai la buluu. Tuliichangia wenyewe, faiba nzuri, futi 19, ina mwaka wa tatu haijagusa maji kwa sababu haina injini. Hilo ndo jambo letu.

Tukueleze kwa nini halingoji. Hapa Tudor maji ya bamvua, yale makubwa ya mwezi mpevu na mwezi mwandamo, yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, na yakitoka yanatoka karibu yote kwa mlango mmoja, kwa hivyo kule karibu na daraja mkondo unavuta nje huku upepo wa kaskazi unasukuma ndani, maji na upepo vinapigana na mawimbi yanasimama mafupi mafupi, hata mtu anayejua anaweza kupinduka. Januari mwaka huu mashua yetu ilipinduka pale pale saa kumi kasoro, watoto watano ndani. Wote walikuwa na jaketi, wote wanajua kuogelea, walishika mashua kama walivyofundishwa wakahesabiana majina. Sisi huku ufukweni tuliingia kwenye ngalawa tukapiga makasia na mkondo unawavuta mbali nasi, tukipata hatua mbili tunapoteza moja. Wavuvi waliokuwa upande wa pili ndo waliwafikia kwanza. Ilichukua dakika 50. Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye kasia la mbele na dakika hizo 50 sitaki kuziishi tena, na mama wa mmoja wao alikuwa amesimama hapo ulipokaa wewe Mheshimiwa, hakulia, alisimama tu mpaka mtoto akashuka, halafu akamshika mkono wakaenda nyumbani na hawajarudi. Baada ya hapo wazazi wa watoto 11 waliwatoa watoto wao, saba kati yao wasichana. Hatuwalaumu. Tungewajibu nini, kwamba injini imeahidiwa?

Maana imeahidiwa, Mheshimiwa, na tunalisema hili kwa adabu zote bila kumtaja mtu. Wewe si wa kwanza kukaa kwenye kiti hicho. Mgeni wetu wa kwanza alisimama akasema injini ya farasi 15 itafika kabla ya Idi, tukapiga makofi, Idi ikapita, na nyingine ikapita. Wa pili akasema 15 ni ndogo, atatupa ya 40, na kweli kesho yake akaja fundi akapima nyuma ya boti kwa futi, akaandika, akapigwa picha na watoto, tukafurahi sana, yule fundi hatukumuona tena. Wa tatu alituambia tuandike barua. Tuliandika, tukaipeleka wenyewe, ikapigwa muhuri wa kupokelewa, tukaambiwa turudi baada ya wiki mbili, tukarudi, tukaambiwa faili imehamishwa ofisi, tukafuata hiyo ofisi, wakasema hawana faili. Tumekwenda mara sita na nauli ni ya mifukoni mwetu. Kopi zote ziko kwenye bahasha hii, mihuri inasomeka vizuri.

Hatukukuita kukushitakia waliopita, tunakueleza ili ujue kwa nini watoto hawa ukitaja neno injini wataangaliana kwanza kabla ya kupiga makofi. Wao ni watoto, wanakumbuka zaidi yetu.

Ombi lenyewe ni injini moja ya nje ya farasi 40. Tunasema 40 kwa sababu mashua iliyojaa maji ni nzito, na 15 haiwezi kuivuta kinyume cha mkondo wa bamvua, tulijaribu na ya kuazima ikaishia kupiga kelele palepale. Hatuji mikono mitupu. Tumechanga Sh86,000 ziko benki, karatasi ya akaunti iko humo kwenye bahasha pamoja na bei tuliyopewa dukani. Mafuta tutanunua wenyewe, wazazi washakubali kutoa kila mwezi. Vijana wetu wawili wamefunzwa kuendesha na wazee wetu wavuvi watawasimamia. Jaketi tunazo, zile zilizochakaa tumezitoa. Kamba ya kuvutia tunayo, ndefu, tulifundishwa kuikunja kule Kalokol na kila Jumamosi tunaikunja upya ijapokuwa hakuna wa kumvuta.

Kama injini nzima haiwezekani mwaka huu, tuambie leo hapa hapa. Wallahi hatutakasirika, tutashukuru, tutaendelea kuchanga na kuuza mahamri. Jibu la hapana tunaweza kuishi nalo na tukapanga mambo yetu. Tarehe ndo tunayoitaka, hata iwe ya mbali. Kaskazi inaingia Disemba, na wadogo washaanza kuuliza mashua itatoka lini, na kamati imekata shauri kwamba bila boti ya uokozi mashua haitavuka ule mkoko mkubwa unaouona, watazunguka hapa hapa kwenye maji ya magoti. Nahodha wetu wa miaka 17 alilia kwenye kikao hicho lakini naye alinyoosha mkono kukubali.

Mheshimiwa, kabla hujaketi kwenye pilau, mama zetu wametia mbuzi mzima leo, tunaomba utembee nasi hatua chache mpaka chini ya mkungu, turubai tutalifunua, uweke mkono wako pale nyuma injini inapokaa, alama za kalamu za yule fundi bado zipo. Karibu na familia yako siku yoyote, na ukipenda kupanda ngalawa asubuhi ya umande, wazee watakuvusha hapa karibu bila kulowa hata kiatu.

Risala hii imeandikwa na kamati na kusomwa na katibu. Ziko kopi mbili. Moja ni yako, na hii nyingine tunaomba utie sahihi hapa chini kuwa umeipokea, na tarehe. Kalamu hii hapa.